Kiraka kilichokatwa wima

Ufa wa pili wa chesisi ya trekta yangu, yaani ile fremu inayobeba injini na magurudumu, ulitokea mwezi wa Agosti, kusi likivuma, upana wa kidole kimoja tu kutoka pale ufa wa kwanza ulipokuwa umechomelewa. Nilikuwa nasukuma mchanga kwenye njia ya shamba letu, upande wa Msabaha. Nikasikia mlio mkavu, kama ufito unaokatika, na papo hapo usukani ukawa mwepesi mkononi. Nikazima injini, nikashuka, nikainama. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa limelala ubavu. Kile kiraka cha chuma tulichokitegemea kilikuwa kizima kabisa, hata rangi haijabanduka. Kilichopasuka ni chuma cha pembeni yake.

Ukisikia trekta usifikirie yale makubwa ya kulimia mahindi. Hii inanifika kiunoni. Ni trekta ya bustani, aina iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya watu wenye kiwanja kipana cha nyasi. International Harvester ilitoa Cub Cadet yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, John Deere ikaja na modeli ya 110 mwaka 1963, na baada ya hapo kampuni chungu nzima zikaingia katika biashara hiyo. Yangu ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina la aliyeitengeneza silitaji, maana hana kosa lolote: yeye aliunda mashine ya kukata nyasi, mimi ndiye niliyeifunga bamba la kusukuma mchanga. Injini ni Kohler K181 ya silinda moja, nguvu za farasi 8, ujazo wa sentimita 305 za ujazo, na mwili wake ni chuma cha kusubu. Ukiiwasha asubuhi inaguna kwanza, halafu inatulia ikaenda siku nzima.

Iliingia Malindi ndani ya kontena na ikakata nyasi za nyumba moja ya barabara ya Casuarina miaka mingi, mpaka mwenye nyumba akarudi kwao Italia. Mimi niliikuta chini ya banda la makuti, kuku wametaga kwenye kiti. Nikainunua kwa sababu ya mama yangu. Shamba ni lake, kisima kiko bondeni, na miaka yote maji yalipanda kwa kichwa au kwa mkokoteni. Siku trekta ilipopandisha mapipa mawili kwa safari moja, mama alisimama pale penye mwembe, mikono nyuma, hakusema neno, akaenda kuchemsha chai. Kwa hiyo ilipovunjika kwa mara ya pili sikuwa na moyo wa kumwambia arudi kwenye ndoo.

Fundi aliyeichomelea mara ya kwanza ni mtu mwema na mkono wake ni mzuri. Mshono wake ulikuwa umelala kama magamba ya samaki. Alichukua bamba la milimita 10, akalikata mstatili, akalichomelea pande zote nne juu ya ufa. Nilimlipa nikaondoka nimeridhika. Nilikuwa naamini kwamba chuma kikizidi unene kimezidi nguvu, basi.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni mjomba wangu. Alikuwa fundi wa mashua huko Ngomeni. Tezo, chombo chake cha kuchongea mbao, ameitua miaka mingi sasa na macho yake yamepungua nuru. Alipita nyumbani Ijumaa baada ya sala, akanikuta nimekaa kwenye kigogo mbele ya chesisi iliyovuliwa kila kitu.

"Hodi."

"Karibu, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Hili ndilo lililokukosesha usingizi?"

Akachuchumaa kwa shida, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kiraka, akarudi, akapitisha tena. "Mwanangu, mbona mmekata wima?"

"Wima vipi?"

"Mbao mbili za mashua huziungi kwa kuzikata wima ukazigonganisha. Unazikata mshazari, mkato mrefu, moja iingie kwa mwenziwe polepole. Ukikata wima, wimbi linapasua pale pale ulipoishia. Hapa mnene amekoma ghafla, mwembamba ndiye aliyeachiwa kazi."

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Chesisi ya trekta hii ni bamba la milimita 3 lililokunjwa mfano wa mfereji wa paa. Kila ikipanda shimo inajipinda kidogo, na kujipinda huko ndiko kunakoiokoa, maana mzigo unagawanyika urefu wote. Kiraka cha milimita 10 hakijipindi. Kazi yote ya kujipinda ikahamia kwenye mstari mmoja, ukingoni mwa kiraka, na mstari huo ndio uliounguzwa na moto wa kuchomelea kutoka juu hadi chini. Tulikuwa tumeichorea pa kukatikia.

Mjomba akaongeza jambo la pili, nalo ni la mataruma, zile mbavu za mashua: ubao ule ule ukilazwa unayumba, ukisimamishwa hauyumbi. Mwalimu yeyote wa fizikia atakupa hesabu yake. Ukiongeza kimo cha mhimili mara mbili, ugumu wake wa kutopinda unapanda mara 8. Ukiongeza upana mara mbili, unapanda mara 2 tu. Kwa hiyo nilichohitaji si bamba nene. Nilihitaji bamba la unene unaokaribiana na wa chesisi, milimita 4, lililokunjwa likaukumbatia mhimili kwa ubavu na kwa chini, lishuke kidogo kuongeza kimo, na ncha zake zichongwe ndefu kama ncha ya ngalawa ili lifike mwisho likiwa limekwisha lenyewe.

Kukunja bamba hilo ndiko kulikonifanya niwe mtengeneza vifaa kabla ya kuwa mtengeneza trekta. Chuma cha pembe cha dukani kina nyuzi 90. Mihimili ya chesisi yangu haina nyuzi 90 popote. Ukingo wake umefunguka hadi kama 96, halafu mbele mhimili unaingia ndani kidogo ili magurudumu yapate nafasi ya kukata kona. Ukiweka chuma cha pembe pale kinakaa kwa bega moja tu. Ningeweza kupeleka vipimo Mombasa, kilomita 120 hivi, lakini kazi ya kulinganisha haitaki barua, inataka chesisi iwe karibu: unakunja, unajaribisha, unarudi.

Basi nikajenga mashine ya kukandamiza. Fremu ni chaneli ya milimita 150 kutoka kwa wauza vyuma chakavu, kwa bei ya kilo. Nguvu inatoka kwenye jeki ya mafuta ya lori, ya tani 20. Chini nikaweka kalibu: vipande viwili vya ekseli ya pikapu vilivyolazwa sambamba juu ya bamba nene, vimeachana milimita 32. Juu yake kuna ulimi, yaani ule ubapa unaoshuka kati ya vipande viwili na kulisukuma bamba liingie pengoni.

Nambari hizo sikuzibahatisha. Kanuni ya wakunja bamba ni kwamba pengo la kalibu liwe mara 8 ya unene: milimita 4 mara 8, ndiyo hiyo 32. Kwa chuma laini cha kawaida, milimita 4 kwenye pengo la 32 inataka takriban tani 33 kwa kila mita ya mkunjo. Kipande changu kirefu kilikuwa sentimita 45, kwa hiyo tani 15. Jeki inaweza, na bado inabaki na akiba.

Ulimi ulitoka kwenye jani la springi la pikapu, nene milimita 8. Nililikata sehemu ya mwisho ambako limekaribia kunyooka, nikaliviringa ukingo kwa grainda kisha kwa tupa mpaka likawa nusu duara. Nusu duara ya milimita 8 ina nusu kipenyo ya milimita 4, sawa na unene wa bamba, na hicho ndicho kipimo salama. Ulimi ukiwa mkali kuliko hapo, bamba linapata nyufa za nywele upande wa nje wa mkunjo. Chuma cha springi tayari kimeshapewa ugumu kiwandani. Kazi yako ni kutokiharibu: ukiona rangi ya bluu chini ya grainda ujue moto umezidi, acha, mwagia maji, ngoja. Niliifanya kazi hiyo kwa siku nne, robo saa robo saa, na naona hakuna sehemu ya kazi yote niliyoifanya kwa utulivu kuliko hiyo.

Ekseli nayo si ya kuchomelea hivi hivi. Ni chuma chenye kaboni nyingi kidogo, ukikigusa na fimbo ya kuchomelea kikiwa baridi mshono unapasuka ukipoa. Nilizipasha moto kwanza juu ya mkaa wa vifuu, nikachomelea, nikazifukia kwenye majivu hadi asubuhi.

Kipande cha kwanza kiliharibika. Nilikikunja mpaka kikalingana na kiolezo cha boksi kikiwa bado chini ya jeki, nyuzi 96 kamili, nikalegeza jeki, kikafunguka mpaka 98. Chuma ukikiachia hurudi nyuma kidogo. Kipande cha pili nilikibana hadi 94, nikaachia, kikarudi kikatua kwenye 96 kama kilichoagizwa. Nikakiweka kwenye mhimili, nikaweka tochi upande wa ndani usiku, na mwanga haukupenya popote isipokuwa mahali pamoja padogo karibu na tundu la bolti. Nilimwita mke wangu aje aone giza hilo.

Kabla ya kuchomelea chochote lazima ujue ufa unaishia wapi, na macho hayatoshi. Nikapaka mafuta ya taa kuuzunguka, nikaacha robo saa, nikafuta mpaka pakakauka, kisha nikasaga chaki nikaipulizia juu kwa kiganja. Baada ya dakika chache mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakaanza kupanda kwenye chaki, mstari mwembamba wa kijivu, na mstari ule ukaendelea sentimita mbili nzima kupita pale nilipodhani umekwisha. Ningechomelea kwa macho ningeuacha mkia wa ufa ukiwa hai chini ya rangi. Mwisho wa mstari nikatoboa tundu la milimita 5, kwa sababu ncha ya ufa ni kali na tundu la mviringo halina ncha ya kusukumia mbele. Halafu nikauchimba ufa mfano wa herufi V, nikaujaza, nikausawazisha kwa grainda. Kiraka cha zamani nilikwisha kukiondoa.

Mabamba mapya yalichomelewa kwa urefu, na kwenye ncha zile ndefu za mshazari, lakini hakuna mshono hata mmoja uliokata ukingo wa mhimili kutoka upande mmoja hadi wa pili. Fimbo nilizihifadhi kwenye kopo lililofungwa na kuzipasha kwanza. Hewa yetu ya pwani inazinyonyesha maji, na fimbo yenye unyevu inatoa mshono wenye matundu kama mkate wa mofa.

Ningeweza kuishia hapo, na ingepasuka kwa mara ya tatu.

Ekseli ya mbele ya trekta hizi haifungwi moja kwa moja kwenye chesisi. Inaning'inia kwenye pini moja katikati na kucheza kama mizani, gurudumu moja likipanda lingine linashuka. Pini inapita kwenye masikio mawili, la mbele na la nyuma, kila moja chuma cha milimita 12. Tundu la sikio la nyuma lilikuwa zima. La mbele lilipaswa kuwa milimita 19. Nilipolipima wima nikapata 22. Lilikuwa limeliwa upande wa juu, umbo la yai. Kwa hiyo kila shimo la njiani lilikuwa linageuka nyundo: ekseli inaruka milimita tatu kisha inagonga chesisi. Nyundo hiyo ndiyo iliyoanzisha ufa wa kwanza, nami nilikuwa nimeshughulika na kidonda peke yake.

Tundu la yai hulinyooshi kwa keekee kubwa ya kutobolea. Keekee hufuata tundu lililopo na itakupeleka huko huko kombo. Linatakiwa kukerezwa na kitu kisichojali tundu la zamani liko wapi, kitu kilichoshikwa pande zote mbili na kinachozunguka juu ya mstari wake mwenyewe. Karakana kubwa zina mashine ya kazi hiyo. Mimi nilitengeneza fimbo.

Ni fimbo ya shokabu ya gari, milimita 16, iliyonyooka na laini kama kioo kwa sababu kiwandani huisaga na kuipaka kromu. Nilitoboa tundu katikati yake, nikalichonga mraba kwa tupa ndogo, jioni mbili. Ndani ya tundu hilo kinakaa kisu: kipande cha kisu cha lezi (mashine ya kukerezea vyuma) alichonipa mkereza mmoja wa mjini, kifupi kiasi kwamba hakishikiki tena kwenye mashine yake. Skrubu isiyo na kichwa inakikaza kwa ubavu. Mkereza huyo huyo alinitolea bushi mbili, yaani vibomba vifupi, za kuishika fimbo. Moja iliingia kwenye sikio la nyuma, ambalo ndilo shahidi pekee aliyebaki wa mstari wa asili. Nyingine ilikaa kwenye bamba la muda nililolifunga kwa bolti mbele ya chesisi, na mahali pake nilipatafuta kwa uzi, timazi, na kupima kutoka mihimili yote miwili mpaka vipimo vikakubaliana. Kuipata sehemu hiyo moja kulichukua siku nzima ya Jumamosi.

Mwisho wa fimbo nikafunga mkono wa pedeli ya baiskeli. Nyuma yake kuna skrubu ya milimita 10, ambayo nati yake ikizunguka mara moja inasogea milimita 1.5. Kijana wa jirani, yuko kidato cha pili, alishika pedeli; mimi nikashika nati. Yeye anazungusha mara nne, mimi nasogeza robo.

Kina cha kisu hukioni kwa macho, lakini unaweza kukipima. Unaweka maikrometa, kile kifaa cha kupimia unene, kati ya mgongo wa fimbo na ncha ya kisu. Nusu ya fimbo ni 8. Nikitaka tundu la kipenyo cha 25, nusu yake 12.5, basi maikrometa isome 20.5. Nilianzia 17.75 na kila safari nikaongeza robo milimita. Safari ya kwanza kisu kiligusa upande wa chini tu, kikawa kinanong'ona nusu mzunguko na kunyamaza nusu, kwa sababu juu palikuwa pameshaliwa, hapana cha kukata. Safari ya kumi na moja sauti ikaanza kuungana. Safari ya kumi na mbili haikukatika tena: mnong'ono mmoja mrefu kuzunguka pande zote, na vipande vya chuma vikidondoka kama nyuzi za nazi iliyokunwa vizuri. Tundu lilikuwa limerudi kuwa duara. Kijana alisimamisha pedeli bila kuambiwa, akanitazama.

Jioni alipiga hesabu nyuma ya daftari lake: milimita 12 za sikio, robo mzunguko 32, mizunguko 128 kila safari, safari 12. Mara 1,536. Aliiandika na kuizungushia duara.

Bushi ya bronzi, ya kulirudisha tundu kwenye kipimo cha pini, iliingizwa kwa mashine ile ile ya kukunjia, taratibu. Pini ikakataa kuingia, maana bushi ikisukumwa kwa nguvu hujibana kidogo ndani. Nikaipiga msasa mzuri mpaka ikapita kwa kusukumwa na kidole. Nikatoboa pa kupigia grisi. Chesisi nikaisugua na kuipaka rangi ya kuzuia kutu mikono mitatu, kwa sababu chumvi ya hapa haingoji.

Sasa ni mwezi wa tano inafanya kazi. Imepandisha maji, imesukuma mchanga, imevuta tela la makumbi kwa mama. Kila Jumapili napuliza chaki kwenye ncha za mabamba, na mpaka leo chaki imebaki nyeupe.

Mjomba alikuja kuikagua siku ya kwanza ilipotembea. Hakuitazama injini wala rangi. Alitafuta ncha ya bamba kwa kidole gumba, akaufuata mshazari mpaka akapotea kwenye chesisi, hakupata pa kukwama. "Ee," akasema, akanyanyuka. Kisha akauliza ile fimbo iko wapi.

Wiki iliyofuata akarudi na nahodha mmoja wa Ngomeni. Mashua yake ina injini, na bushi ya shafti ya propela imeliwa hadi maji yanaingia kila safari. Tukakaa watatu juu ya mkeka, fimbo katikati yetu, nahodha akiigeuza geuza na kuuliza kisu kinaweza kutoka nje kiasi gani. Shafti yake ni nene kuliko pini yangu, kwa hiyo itabidi tutafute fimbo ya shokabu ya lori na kuanza tundu la mraba upya. Ukutani kwenye karakana bado pameandikwa 20.5 kwa chaki. Chini yake sasa kuna vipimo vya mashua, kwa mwandiko wa nahodha.